Kabati la Walio Hai

Idara ya Viwanja ilikuwa na dirisha dogo la mapokezi, na nyuma ya dirisha hilo, kwa muda wa miaka kumi na minne, aliketi karani ambaye neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho alasiri lilikuwa moja tu: "Hayupo." Alilisema bila chuki wala furaha, kama mlango unavyolia unapofungwa. Asiyekuwepo alikuwa Mkuu wa Idara. Watu walipochoka kumnung'unikia Mkuu, ambaye hawakuwahi kumwona, walimpa jina karani waliyemwona kila siku. Wakamwita Bi Hayupo, na jina likamganda kama gundi ya bahasha.

Ni haki kueleza kwamba Bi Hayupo hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Katika wiki yake ya kwanza kazini, Mkuu alimfundisha kwamba kuna namna tatu za kutokuwepo. Ya kwanza ni ya mtu aliyetoka. Ya pili ni ya mtu aliye kikaoni. Ya tatu, iliyotokea mara nyingi zaidi, ni ya mtu aliyepo lakini hataki kuwepo.

"Nikiwa ndani na mlango umefungwa," alisema Mkuu, "kiutawala sipo."

Bi Hayupo aliliandika neno "kiutawala" katika daftari lake, akalipigia mstari kwa rula, na tangu siku hiyo dhamiri yake ikalala usingizi mnono. Mkuu naye alilala. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikoroma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Hayupo, na huyo anayekoroma ni nani?" watu waliuliza.

"Feni," alijibu Bi Hayupo. "Imechakaa."

Nyuma ya kiti chake yalisimama makabati mawili ya chuma. La kijani lilikuwa la mafaili ya wenye viwanja walio hai. La kijivu lilikuwa la marehemu. Karani aliyemtangulia alikuwa ameyachanganya mafaili hayo hata wazima na wafu wakalala kifua kwa kifua, na Bi Hayupo alitumia mwaka mzima kuwatenganisha. Kazi ilipokwisha alibandika tangazo kwenye mlango wa kabati la kijivu, kwa herufi kubwa zilizonyooka: FAILI LA MTU ALIYE HAI LISITAFUTWE HUMU. Alilipenda tangazo hilo. Siku ambazo hapakuwa na watu dirishani, aliligeukia na kulisoma taratibu, kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Basi katika wiki tatu za mwisho kabla ya Pasaka, alianza kuja pale dirishani mjane mmoja aliyeitwa Mama Mwavuli, kwa sababu hakuachana na mwavuli wake jua liwake au mvua inyeshe. Siku ya kwanza alipiga hodi kwa kugonga kioo na mpini wa mwavuli huo.

"Hodi dirishani."

"Karibu, mama. Hayupo."

"Mbona sijasema ninamtaka nani, mwanangu?"

"Wote wanamtaka yeye."

"Mimi namtaka yeyote anayeweza kunifufua. Kwenye ile orodha ukutani, namba kumi na saba, mmeniandika kuwa nimekufa. Hebu nitazame vizuri. Nimekufa?"

Bi Hayupo alimtazama vizuri, kwa maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. "Hujafa, mama."

"Basi niandikie hivyo."

"Anayeandika ni Mkuu."

"Na Mkuu..."

"Hayupo."

Orodha hiyo ilikuwa na kichwa cha maneno kisemacho "Viwanja vya Marehemu Wasio na Warithi". Ingefungwa Jumanne baada ya Pasaka, saa tatu kamili asubuhi, na kila nyumba iliyoandikwa humo ingegawiwa watu wengine. Mama Mwavuli hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na mlango wa jikoni ambao mumewe aliuning'iniza kinyume mpaka leo ukawa unafunguka kwa kuvutwa pale ambapo ungepaswa kusukumwa. Kama jina lake lisingefutwa kabla ya Jumanne hiyo, mlango huo ungevutwa na mtu mwingine.

"Basi angalau tulione faili langu," alisema.

Bi Hayupo akafungua kabati la kijani, akapitisha kidole juu ya migongo ya mafaili, mara ya kwanza na mara ya pili. "Na faili nalo halipo."

"Na kwenye kabati lile jingine?"

"Mama, lile ni la marehemu. Wewe u hai. Soma tangazo."

Mama Mwavuli akainama, akasoma kupitia kioo, midomo ikicheza. "Nani ameliandika?"

"Mimi."

"Una mwandiko mzuri sana, mwanangu. Haya, nije lini?"

"Njoo kesho."

Akaja kesho. Akaja keshokutwa. Akaja siku ambayo hata mlinzi wa lango alichelewa. Kila siku aliuliza yale yale kwa upole ule ule, na kila siku aliambiwa njoo kesho, akashukuru, akafungua mwavuli, akaenda zake. Bi Hayupo alizoea kugongwa kioo saa mbili na robo kiasi cha kurekebisha saa yake kwa hodi hiyo.

Jambo lililompa Bi Hayupo mawazo siku hizo halikuwa mjane. Lilikuwa malaika.

Kanisa lao lilikuwa na desturi ya kuonyesha mchezo siku ya Pasaka, na mwalimu wa kwaya ndiye aliyeutunga na kuwapanga watu. Kwa miaka tisa mfululizo Bi Hayupo alikuwa amepewa nafasi katika umati, kazi yake kuinua mkono na kupiga kelele pamoja na wengine. Mwaka huu mwalimu alimwita pembeni baada ya ibada.

"Dada, utakuwa malaika wa kaburini."

Bi Hayupo alishika kifua. "Mimi? Umeona nini kwangu, mwalimu?"

"Nimepita kanisa zima nikitafuta mtu anayeweza kusema 'hayupo' akaaminika," alisema mwalimu, ambaye hakuwa na mzaha hata kidogo. "Nimekosa mwingine."

Maneno yake yalikuwa machache, yameandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari: "Mbona mnamtafuta aliye hai katika makao ya wafu? Hayupo hapa. Amefufuka. Nendeni mkawaambie wenzenu." Bi Hayupo aliyasoma mara nne akiwa amesimama pale pale. Sentensi ya kwanza aliielewa upesi. Ilikuwa tangazo lake mwenyewe, ila lilikuwa limevaa kanzu. Lakini iliyomgusa ilikuwa ya tatu, ile ya "Amefufuka". Miaka kumi na minne alikuwa akitamka "hayupo", na baada ya neno hilo watu waligeuka na kuondoka vichwa vimeinama. Safari hii, baada ya neno lile lile, watu wangeruka kwa furaha. Aliwaza kwamba akilitamka vema mbele ya kanisa zima, huenda wangemsahau Bi Hayupo na kumkumbuka malaika. Kwa ajili ya hilo angefanya mazoezi hata kwenye foleni ya bombani.

Mazoezi aliyafanyia kwenye kibanda cha mumewe, fundi saa. Kibanda kilikuwa na saa zipatazo thelathini ukutani, kila moja ikisema lake, na fundi mwenyewe katikati yake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akiwa mtu asiye na haraka kuliko wote mtaani.

"Haya," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Mimi ndimi wanawake." Akabana sauti ikawa nyembamba. "Hodi! Ewe malaika, tumekuja kumwona Bwana wetu."

"Hayupo. Njoo kesho."

Saa thelathini zikasikika zikihesabu. Fundi akatoa kioo jichoni.

"Mke wangu. Utawaambia wanawake wa kaburini waje kesho?"

"Imeteleza tu! Tuanze tena."

Wakaanza tena. Ikateleza tena. Mara ya sita fundi alicheka mpaka skrubu ndogo ikamponyoka, na wote wawili wakapiga magoti kuitafuta chini ya meza.

"Sikiliza," alisema wakiwa bado huko chini, nyuso zimekaribiana. "Saa ikianza kugonga saa sita, huwezi kuiambia igonge mara moja inyamaze. Itamaliza zote. Ulimi wako ndivyo ulivyo. Ukisema 'hayupo', 'njoo kesho' inafuata yenyewe, imeshakazwa ndani."

"Sasa nifanyeje? Nikatae malaika?"

"Usikatae. Tazama karatasi yako. Mwalimu hakuandika 'hayupo'. Ameandika 'hayupo hapa'. Hilo 'hapa' ndilo daraja lako. Ukishalikanyaga, umevuka. Ukilikosa, umetumbukia."

Bi Hayupo akaipata skrubu. Tangu siku hiyo alitembea akisema kimoyomoyo: hapa, hapa, hapa.

Mazoezi ya kanisani yalikuwa kila jioni saa kumi na moja. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumkaa vibaya, kwa sababu ya watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Mwavuli mwenyewe, aliyepewa nafasi ya mmoja wa wanawake wanaokwenda kaburini na manukato. Mwalimu alikuwa amepambana naye siku nzima ili auache mwavuli. "Mama, asubuhi ile hapakuwa na mvua." "Wewe ulikuwepo, mwalimu?" Mwishowe akakubali kubeba mtungi badala yake, ila aliukumbatia kwapani vile vile kama mwavuli.

Wa pili alikuwa askari wa kaburini. Kanisani alijulikana kwa jina la Baba Mapacha. Alihudhuria ibada ya kwanza, ile fupi, na akiulizwa kazi yake alisema "niko serikalini" na kubadilisha mazungumzo. Mwalimu alipomwomba aigize, aliuliza jambo moja tu.

"Nina maneno mangapi?"

"Huna hata moja. Malaika akishuka unaanguka kama mfu, unalala mpaka mwisho."

"Nakubali," alisema Baba Mapacha kwa moyo mmoja.

Katika watu wote waliokuwa kwenye mazoezi, Bi Hayupo peke yake ndiye aliyejua kwamba Baba Mapacha ni Mkuu wa Idara ya Viwanja.

Siku moja, wakisubiri zamu yao, Mama Mwavuli alimgeukia askari huyo aliyevaa kofia ya boksi iliyopakwa rangi ya fedha.

"Baba Mapacha, wewe si uko serikalini? Humfahamu Mkuu wa Viwanja?"

Baba Mapacha akarekebisha kofia. "Nasikia... nasikia ni mtu mwenye shughuli nyingi."

"Hayupo kila siku. Mimi nahofia asije akawa naye amekufa kama mimi, tena hawajamwandika."

"Jaribu kesho, mama," alisema Baba Mapacha, akimtupia karani wake jicho la onyo.

Bi Hayupo alitazama dari. Akajiambia kwamba kanisani si ofisini, na kwamba mtu aliyevaa kofia ya boksi, kiutawala, hayupo. Lakini kwa mara ya kwanza neno "kiutawala" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ile ile mwalimu, ambaye hakufunga mazoezi bila somo, alisimulia mfano wa mjane na kadhi. Aliwaeleza kwamba palikuwa na kadhi asiyemwogopa Mungu wala kumjali mtu, na mjane aliyemwendea bila kuchoka akidai haki yake, hata kadhi akasalimu amri kwa kuchoshwa tu. "Na ikiwa mtu mbaya husikia mwishowe," alisema mwalimu, "Mungu mwema je? Ombeni bila kukata tamaa."

"Watu wengine wana roho ngumu!" alinong'ona Bi Hayupo, akimfikiria kadhi.

Mama Mwavuli akainua mkono. "Mwalimu, nina swali. Yule kadhi hakuwa na karani?"

"Mfano haumtaji, mama."

"Basi yule mjane alikuwa na bahati. Alimwona kadhi uso kwa uso. Angewekewa karani mlangoni, tungekuwa bado tunasubiri mwisho wa huo mfano."

Watu wakacheka. Mama Mwavuli naye akacheka, bila kumtazama mtu yeyote, na hilo ndilo lililouma zaidi. Bi Hayupo alirudi nyumbani akiufikiria mfano huo. Siku zote aliposikia mifano alijiweka upande wa kondoo aliyepatikana au wanawali wenye mafuta. Hakuwahi kufikiri kwamba katika mfano mtu anaweza kuwa mlango.

"Una nini?" aliuliza mumewe wakati wa kula.

"Hapa," alijibu.

"Hapa wapi?"

"Nafanya mazoezi."

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Seremala alikuwa ametengeneza kaburi la mbao nyembamba lililofunikwa magunia, pamoja na jiwe la mviringo la kusukumwa, na Bi Hayupo alikaa juu ya jiwe hilo amevaa shuka jeupe la kitanda chao cha ndoa, lililopigwa pasi na fundi saa mwenyewe. Baba Mapacha alikwisha kuanguka, tena kwa ustadi mkubwa. Alikuwa amelala chali miguuni pa malaika, kofia imemfunika macho, tumbo likipanda na kushuka kwa raha. Kwaya ikanyamaza. Wanawake watatu wakaingia polepole kutoka mlango wa pembeni.

Mama Mwavuli ndiye aliyetangulia. Mtungi ulikuwa kwapani. Alitembea kwa mwendo ule ule wa saa mbili na robo, akasimama umbali ule ule wa dirishani, akainua uso wake mpole ule ule. Kisha, kwa kuwa mwalimu alikuwa amemwambia abishe hodi kaburini, akagonga lile kaburi la mbao kwa kitako cha mtungi: ko, ko, ko.

Hodi ile ilimkuta Bi Hayupo hana silaha. Sentensi yake ya kwanza ikayeyuka kichwani. Daraja likavunjika. Ulimi wake, uliokazwa kwa miaka kumi na minne, ukafanya kazi yake.

"Hayupo," alisema malaika kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngazi. "Njoo kesho."

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mzee wa kanisa alijifuta machozi kwa kitabu cha nyimbo. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Bi Hayupo, hata kaburini!" Bi Hayupo alihisi uso ukiwaka moto. Malaika wake alikuwa amekufa, na jina lake lilikuwa limefufuka likiwa na nguvu mara mbili.

Mama Mwavuli peke yake hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, na kwa sababu watu walitaka kusikia, kicheko kikatulia.

"Kesho ni sikukuu, mwanangu. Ofisi imefungwa. Na keshokutwa saa tatu orodha inafungwa. Sina kesho nyingine."

Kutoka nyuma ya pazia mwalimu alikuwa akinong'ona kwa kukata tamaa: "Mbona mnamtafuta aliye hai! Mbona mnamtafuta aliye hai katika makao ya wafu!"

Bi Hayupo akafungua kinywa ili arudie. Kinywa kikabaki wazi. Aliye hai, katika makao ya wafu. Aliliona kabati la kijani, mahali alipopitisha kidole mara mbili kila siku kwa wiki tatu. Aliliona kabati la kijivu na tangazo lake lililonyooka. Mama huyu aliandikwa amekufa. Faili la aliyeandikwa amekufa lingekuwa wapi kama si kwa waliokufa? Malaika aliwakemea wanawake kwa kumtafuta mzima kwa wafu. Yeye alikuwa amefanya la ajabu zaidi, amemtafuta mfu kwa wazima, huku mfu mwenyewe amesimama dirishani akimpa salamu.

"Mama," alisema, "faili lako najua lilipo."

"Na Mkuu?"

Bi Hayupo aliangalia chini. Askari alikuwa amelala kimya, lakini kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekakamaa. Aliifikiria kazi yake, kiti chake na makabati yake mawili. Kisha akavuta pumzi.

"Yupo," alisema.

Neno hilo lilimshtua yeye kwanza. Lilikuwa na ladha ngeni mdomoni, kama tunda ambalo mtu ameliuza miaka mingi bila kulionja.

"Yupo hapa," akaongeza, na safari hii daraja likashika. "Ndiye huyu miguuni pangu."

Kanisa zima likainuka kidogo kwenye viti. Baba Mapacha akafumbua jicho moja chini ya kofia.

"Kiutawala," alisema yule mfu kwa sauti hafifu, "sipo."

Mama Mwavuli akainama juu yake, mtungi kwapani. "Hujambo, baba. Pole na kazi. Mimi ni marehemu namba kumi na saba."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine, na hakikuwa cha kumcheka malaika. Mwalimu, aliyeona mchezo wake ukienda arijojo, alitoa kichwa nje ya pazia. "Malizia, dada! Kwa jina la Bwana, malizia!" Bi Hayupo akasimama juu ya jiwe la mbao, shuka likining'inia upande, akaumaliza kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo: "Amefufuka! Nendeni mkawaambie wenzenu!" Kwaya ikaingia kabla ya zamu yake, na hakuna aliyejali.

Ibada ilipokwisha hawakungoja hata kubadili nguo. Watu wanne walishika njia ya kwenda Idara ya Viwanja adhuhuri ile: malaika aliyeshika ncha ya shuka lisiburuzwe, askari aliyevaa kofia ya fedha, mjane aliyerudiwa na mwavuli wake, na fundi saa aliyefuata nyuma kwa sababu, alivyosema, shuka lilikuwa lake pia.

Langoni mlinzi aliwazuia kwa fimbo.

"Leo pamefungwa. Mkuu hayupo."

"Mimi ndiye Mkuu," alisema Mkuu.

Mlinzi aliitazama ile kofia ya boksi toka juu hadi chini. "Mkuu mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Yeyote atakayekuja, Mkuu hayupo. Njooni kesho."

"Lakini nimesimama mbele yako!"

"Hata wewe. Amri ni amri."

Mkuu alisimama juani kwa dakika nzima mbele ya lango lake mwenyewe, na jasho likaanza kuiyeyusha rangi ya fedha ya kofia, ikamtiririkia usoni. "Hivi ndivyo inavyokuwa?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo, akimgeukia mjane.

"Hapana, baba," alijibu Mama Mwavuli, akisogeza mwavuli umfunike na yeye. "Dirishani kuna kivuli kidogo."

Bi Hayupo akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kamba shingoni mwake, chini ya mavazi ya mbinguni. Mlinzi alipouona ufunguo alipiga saluti. Ufunguo haukuwa kwenye amri.

Kabati la kijivu lilifunguka kwa kilio. Kabla ya kupitisha kidole, Bi Hayupo alilibandua tangazo lake, akalikunja mara mbili, na kulitia ndani ya shuka. Faili lilikuwa la nne kutoka kushoto. Ndani yake palikuwa na majina mawili, la mume na la mke, na cheti cha kifo cha mume. Mhuri wa MAREHEMU, ambao ungepigwa kwenye mstari wa juu, ulikuwa umepigwa kwenye mstari wa chini. Pembeni palikuwa na tarehe na saa, zimeandikwa kwa mkono: saa tisa na dakika hamsini na nane, dakika mbili kabla ya kufunga ofisi. Herufi zilikuwa kubwa na zimenyooka sana.

Bi Hayupo alizijua herufi hizo kama anavyozijua vidole vyake.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi niliyekuua."

Mama Mwavuli aliinama, akatazama. "Nilikuambia una mwandiko mzuri."

"Nisamehe, mama."

"Nilikwisha kukusamehe wiki ya kwanza, mwanangu. Kilichobaki kilikuwa saini."

Mkuu alikuwa ameketi, akipekua fomu moja baada ya nyingine. Alikiri, bila kuulizwa, kwamba miaka yote hiyo aliogopa. Kila aliyeingia aliingia na machozi, na yeye hakujua pa kuyaweka. Kisha akashika kichwa. "Tatizo ni kwamba kuna fomu ya mtu kufa. Hakuna fomu ya mtu kufufuka. Utaratibu hauna nafasi hiyo."

Sentensi hiyo, kwa siku ile na kwa mavazi yale, ilisikika vibaya hata masikioni mwake mwenyewe. Fundi saa alikohoa.

Bi Hayupo, mtu wa utaratibu, akachukua rula. Akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya mhuri, akaandika pembeni neno moja, akasogeza faili mbele ya Mkuu. Mkuu akalisoma, akatia saini. Kisha akatoka mwenyewe hadi kwenye ubao, na kwa kalamu nyekundu akaifuta namba kumi na saba.

"Umeandika nini?" aliuliza Mama Mwavuli, ambaye miwani yake ilikuwa kanisani.

"Nimeandika 'Yupo'."

"Soma tena."

"Yupo, mama."

Mama Mwavuli akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Faili likaingia kabati la kijani, na mlango wa kabati ukafungwa. Mjane akashukuru kwa upole ule ule wa kila siku, akafungua mwavuli kabla hajafika nje.

"Haya, mwanangu. Kesho sikukuu. Keshokutwa nitakuja."

Bi Hayupo alishtuka. "Uje tena? Si tumemaliza, mama?"

"Miguu imeshazoea njia," alisema Mama Mwavuli. "Safari hii nitakuja kusalimia tu. Nikukute upo."